Tulipopima Miti ya Malupango

Siku ya kwanza kazini nilisimamishwa ukutani. Technicien-Chef, mkuu wa mafundi wa maabara yetu ya misitu, mzee mrefu mwenye sauti ya kanisani, alichukua chaki, akapima mita moja na sentimita thelathini kutoka sakafuni, akachora mstari na kuniambia nisimame hapo. Kisha akasema, kwa uzito wote wa cheo chake, "Mama, apa njo kifua." Mimi ni mfupi, na mstari ule ulinifika kidevuni. Nikamjibu kwamba kifua changu nakifahamu vizuri, kimenyonyesha watoto. Wenzangu walicheka hadi wakashika meza, na tangu asubuhi hiyo jina langu kazini likawa Mama Kidevu.

Hakuwa na nia mbaya. Wapimaji wa miti duniani kote wamekubaliana kupima unene wa shina kwenye kimo hicho, wanachokiita kimo cha kifua, ili mti wa Lubumbashi uweze kulinganishwa na mti wa nchi nyingine. Kifua cha nani kilichotumika, sijui. Cha mwanamke wa Katuba, mtaa wangu mjini, hakikuwa. Nilipewa fimbo iliyokatwa kwa urefu huo na utepe wa kuzungushia shina, nikaambiwa kwamba mpimaji anayekisia kwa macho ni sawa na mpishi anayeonja kwa pua. Niliipenda kazi hiyo kuanzia siku ile, na sikuwahi kutafuta nyingine.

Vijana huniuliza mtu anapimaje kaboni wakati haionekani. Huwa nawaambia waende sokoni wakanunue makala, yaani makaa ya kupikia. Mti hula hewa: unavuta ile hewa ya ukaa tunayoitoa sisi, magari na viwanda, unaibakiza kaboni mwilini mwake na kuigeuza kuwa mbao, gome na mizizi. Mchoma makala akiufukia mti na kuuchoma polepole, kile cheusi kinachobaki karibu chote ni kaboni hiyo. Sisi tulifanya hesabu ileile bila moshi. Tuliangusha mti, tukaupima shina na matawi kwa mizani, tukakata vipande vya mviringo kama visahani, tukavikausha kwenye tanuri la maabara mpaka uzito ukatae kushuka tena. Karibu nusu ya uzito huo mkavu ndiyo kaboni. Ukishapima miti ya kutosha namna hiyo unapata fomula, na kuanzia hapo huna haja ya kuangusha tena. Unazungusha utepe, fomula inakwambia yaliyo ndani.

Miaka yangu mingi ilipita katika misitu ya miombo nje ya mji. Tulilala kwenye mahema, tukala bukari, ugali wetu, na samaki mkavu, tukabishana na siafu. Lakini kila tuliporudi msitu ulikuwa umesogea mbali zaidi, kwa sababu mji wetu unapika kwa makala na mji unakua. Siku moja tulirudi kwenye kiwanja tulichokipima mwaka uliotangulia tukakuta tanuri la makala linafuka moshi katikati yake. Technicien-Chef alimgeukia mchoma makala, akamsalimu kwa heshima. Njiani alituambia, "Ule papa anapima kuliko siye. Siye tunapimaka na fomula, ye anapima na kiloba." Alistaafu muda mfupi baadaye, na nilimlilia kama baba.

Aliyekuja baada yake kutuongoza alikuwa Chef de Travaux, cheo cha chuo kikuu kilicho kati ya Assistant na Professeur. Alikuwa kijana, amesoma mbali, anatembea haraka. Yeye ndiye aliyesema kwamba kama msitu unatukimbia, tupime miti isiyoweza kukimbia, yaani miti ya mjini. Watu walidhani anatania. Mji una nini, isipokuwa vumbi? Lakini alitupandisha juu ya ghorofa moja katikati ya mji, akatuonyesha, nami mzaliwa wa hapa nilishangaa: kuanzia jakaranda za barabara kubwa hadi kule komini, yaani mitaa, za watu wengi, mabati yalikuwa yamechanganyika na kijani kila mahali. Aliuliza nani anajua kijani hicho kina uzito gani, na hakuna aliyeinua mkono.

Tulianzia katikati ya mji, ambako miti iko kando ya barabara na haina mwenyewe wa kuombwa ruhusa. Kisha Karavia, mtaa wa matajiri wenye bustani kubwa. Huko kazi yetu ilikuwa kungoja getini. Mlinzi anampigia simu patron, mwenye nyumba, patron yuko mkutanoni, mbwa anatutazama chini ya geti kana kwamba na yeye ni mkaguzi. Mlinzi mmoja, baada ya kutusikiliza vizuri, aliomba tumpime yeye mwenyewe ana kaboni kiasi gani, na Assistant wetu, binti mwenye ucheshi, alimzungushia utepe tumboni akamwambia yeye ni mti wa matunda. Tukaingia bila kungoja simu.

Kenya na Katuba ni habari nyingine. Kenya ninayoitaja ni komini yetu ya hapa Lubumbashi, si nchi ya watu. Huko mti haupo barabarani. Upo ndani ya lupango, kiwanja cha familia chenye ukuta wake, nyumba ya mbele, vyumba vya nyuma, jiko na watu. Huingii lupango la mtu ukaenda moja kwa moja kwa mti. Unabisha, unasalimu, unaletewa kiti, unaulizwa habari za nyumbani na wewe unauliza, maji yanakuja, na ndipo unaeleza lililokuleta. Chef de Travaux mwanzoni alipanga malupango kama tulivyopanga viwanja vya msituni, na jioni ya kwanza alikuwa ameketi kwenye viti vingi kuliko miti aliyopima. Nilimcheka, naye akajicheka. Baada ya hapo alipanga upya, akaweka na muda wa viti.

Shida yetu kubwa ilikuwa mparachichi, ambao sisi tunauita avoka tu. Huo ndio mti wa malupango, na hatukuwa na fomula yake. Fomula yetu ilitoka kwenye miti ya miombo, mbao nzito zinazovunja meno ya msumeno. Avoka ni mti mwepesi, tena wa mjini hukatwa matawi kila mara kwa sababu ya nyaya za umeme na mabati ya jirani. Tukitumia fomula ya msitu, tungeupa uzito usio wake. Dawa yake ilikuwa moja: kuangusha avoka wa lupango na kuupima. Na nani atakupa avoka wake uuangushe? Tuliuliza huku na huku. Mzee mmoja wa Katuba alimwambia Chef de Travaux, "Weye unatafuta kujua kilo ya muti, unauwa muti. Na mutoto unamupimaka vile?" Hatukuuliza tena.

Sasa niwaeleze habari za Mama Zaina. Alikuwa mjane wa Kenya, wa zile familia za Kiislamu zilizotoka Maniema zamani za mababu. Marehemu mume wake alikuwa mshonaji, na alipanda avoka ule mwaka walipooana. Tulipofika mara ya kwanza ulikuwa mti mkubwa, umefunika nusu ya lupango. Chini yake Mama Zaina alikaanga mandazi kuanzia alfajiri, na wanafunzi walikula hapo wakiwa wamesimama kivulini. Msimu ukifika, akina mama wa sokoni walinunua matunda yangali juu. Wajukuu zake walisoma kwa mandazi na kwa avoka, na hakuwa na kitu kingine. Alituambia mume wake alikufa, mti ukabaki na kazi yake.

Tulimweleza kila kitu, kwa viti na kwa maji. Tulieleza utepe, tulieleza kaboni, akauliza maswali mazuri. Tulipomaliza kupima, Assistant alichukua kopo na brashi, akachora duara jekundu kuzunguka shina. Msituni tulifanya hivyo siku zote: unaweka rangi pale ulipopitisha utepe, ili ukirudi upime palepale na si juu wala chini. Kwetu lilikuwa jambo dogo kama kufunga kalamu, kwa hiyo hatukulieleza. Tukaaga, tukaenda lupango la jirani, tukapaka na huko, hadi mwisho wa avenue, yaani barabara ile ya mtaani.

Ninyi mnaokaa hapa mmekwisha kuelewa. Katika mji wetu ukiamka ukakuta rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba yako, maana yake serikali imeamua ivunjwe. Hakuna anayehitaji kusomewa. Sisi sote wa timu ile tulikuwa tumezaliwa katika rangi hiyo, tumeiona kwa majirani na kwa ndugu, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba mti nao unaweza kusomwa kama ukuta. Akili zetu zilikuwa bado msituni.

Tulirudi baada ya wiki kadhaa kuhakiki vipimo. Kwenye kona ya avenue nilisikia msumeno wa mota, nikaongeza mwendo. Tulipobisha kwa Mama Zaina hakuna aliyetujibu, kwa sababu ya kelele. Tukaingia. Avoka ulikuwa chini, umelala lupango zima, majani bado mabichi, na jua limeingia mpaka mlangoni pa nyumba. Shemeji yake, Papa Ramazani, mdogo wa marehemu, alikuwa anamwelekeza mwenye msumeno. Mama Zaina alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko lake, na karai lake la mafuta lilikuwa halijawashiwa moto.

Papa Ramazani ndiye aliyetueleza, bila hasira. Aliona alama, akaenda kuuliza kwa majirani, nao walikuwa na alama. Akajua kwamba serikali itakuja kukata miti na kubeba kuni. Akamshauri shemeji yake wakate wao kwanza, angalau wauze kwa wachoma matofali na pesa ibaki nyumbani. Mama Zaina alikataa siku nyingi, na mwishowe akakubali. Sikuona kosa katika hesabu yake. Mimi mwenyewe, kama ningeamka nikaona rangi ile kwenye mti wangu, ningefanya kama yeye.

Mama Zaina alinitazama mimi, si wakubwa. "Mulikuya, mukaikala, mukakunywa mayi," alisema. "Kisha mukaweka rangi. Nyumba yenye beko naweka rangi, banavunjaka. Muti njo bataacha?"

Chef de Travaux alivua kofia, akachuchumaa chini mbele ya kigoda chake, na suruali yake nzuri ikaingia kwenye vumbi la msumeno. "Mama, ile rangi ni yangu," alisema. "Haikukuwa ya kukata. Ilikuwa ya kukumbuka fasi tulipima. Ilikuwa nikuambie, na sikukuambia. Unisamehe."

Wakubwa wengi nimewaona maishani mwangu, na wengi wao wangetafuta wa kumtwika lile kopo. Yeye alibaki amechuchumaa mpaka Mama Zaina akamwambia ainuke, magoti yatamwuma. Nilimheshimu siku hiyo kuliko siku aliyopata uprofesa.

Waswahili husema kufa kufaana. Mbele yetu ulikuwa umelala mti ambao tulikuwa tumeutafuta mji mzima, avoka wa lupango, mzima, umeangushwa bila sisi kuomba. Nilijua Chef de Travaux ameliona hilo, nilijua Assistant ameliona, na nilijua hakuna kati yetu atakayefungua mdomo. Ilikuwa aibu hata kuwaza. Tulisimama pale kama watu waliokuja matangani bila mchango.

Aliyefungua mdomo ni Mama Zaina. Aliuliza kitu tulichokuwa tunakitafuta hasa kwenye mti wake, na mimi nikamjibu kwamba tulitaka kujua uzito wake na kaboni iliyo ndani.

"Basi eko chini," alisema. "Mupime. Lakini yote, hata majani. Na munipatie ile kilo mie wa kwanza, mbele ya bakubwa benu."

Papa Ramazani alikumbusha kwamba lori la wachoma matofali linakuja jioni. Mama Zaina alimjibu kwamba litangoja, na likangoja kweli. Tulileta mizani ya kuning'iniza, tukaifunga kwenye miti mitatu iliyosimamishwa pamoja kama miguu ya kigoda. Shina lilikatwa vipande, matawi yakafungwa mafungu, majani yakaingia kwenye viloba. Majirani wa kike walileta mabeseni yao bila kuombwa. Mama Zaina mwenyewe alifagia unga wa msumeno, kwa sababu nilimweleza kwamba nao ni sehemu ya mti, akauleta kwenye mizani kwa mikono miwili. Matunda yalikuwa machanga, hayaliwi. Aliyaokota yote, tukayapima peke yake, na hapo ndipo alipolia.

Jioni tulipokuwa tunafunga vyombo, nilimwambia tuna kazi nyingine ya haraka: avenue nzima ilikuwa na maduara mekundu. Alijifunga kitenge chake vizuri na kusema twende. Nilimwambia apumzike. Akasema, "Mie nilikata juu ya woga. Siwezi kuikala hapa nikiangalia benzangu banakata bile bile."

Tukaenda naye, lupango kwa lupango. Safari hii viti havikuwa na kazi. Yeye alisimama mlangoni na kueleza kwa maneno machache, na watu walimsikiliza kuliko wangetusikiliza sisi wenye vitambulisho. Mahali pengine tulichelewa, tukakuta kisiki. Kwingine msumeno ulikuwa umekwisha kukodiwa. Lakini miti mingi ya avenue ile ilibaki, na ipo leo. Rangi tuliisugua kwa mchanga na brashi ya viatu. Badala yake, kwa ushauri wa Mama Zaina, kila mwenye lupango alitafuta kipande cha kitenge cha nyumbani kwake, akakifunga mwenyewe pale tulipopitisha utepe. Kwa mtu wa Lubumbashi, kitenge kwenye mti kinasema mti una mama yake. Tangu siku hiyo timu yetu haikupaka tena rangi mjini, na Chef de Travaux aliwaandikia hata wenzake wa miji mingine kuwaeleza sababu.

Vipande vya mti vilikaa kwenye tanuri letu mpaka vikakataa kushuka uzito. Hesabu ilipotimia, Chef de Travaux hakuipeleka kwa Professeur, mkubwa wake. Alinipa mimi niipeleke Kenya. Nilimkuta Mama Zaina anakaanga mandazi chini ya turubai lililofungwa kwenye misumari, jua likimchoma upande mmoja. Nilimtajia kilo za mti mbichi, kilo za mti mkavu, kisha kilo za kaboni. Alizirudia polepole hadi akazishika. Kisha akauliza, "Na ile kaboni yote, leo iko wapi?"

Ningeweza kumjibu kisomi. Lakini alikuwa ameuliza swali la haki, na nilimwambia ukweli: kuni zilichomwa kwenye tanuri la matofali, na kaboni ilirudi hewani ilikotoka. Aliangalia juu, pale ambapo palikuwa na matawi, akasahau karai lake. Mafuta yalianza kuungua, nikayasogeza mimi.

"Basi inazunguka tu apa juu yetu," alisema mwishowe. "Itatafutiwa muti ingine ya kuishika."

Nilistaafu mwaka uliofuata. Walinifanyia sherehe, nikapewa saa ya ukutani, na wenye hotuba walisema mengi ambayo sikuyajua kunihusu. Assistant yule mcheshi sasa ndiye anayeongoza timu. Ana picha zinazopigwa kutoka juu sana, zinaonyesha kila mti wa mji, na mashine inayokisia uzito wake kabla hujamaliza kikombe cha chai. Fomula ya avoka anayoitumia ilianzia kwenye mti mmoja wa Kenya. Mingine iliongezwa baadaye, ile iliyoangushwa na upepo au na ujenzi. Mimi si mtu wa kuponda mambo mapya. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na ningefurahi sana kuwa na picha hizo nilipokuwa nazozana na mbwa wa Karavia. Nilimwomba kitu kimoja tu: asiache kubisha hodi. Akaniahidi.

Hivi karibuni nilimtembelea Mama Zaina. Hakuniletea kiti kwanza, alinishika mkono na kunipeleka pale palipokuwa na kisiki. Kando yake alikuwa amepanda kokwa, likaota, na mche ulikuwa unanifika kiunoni, mwembamba kama kidole. Umezungushiwa miiba kwa ajili ya mbuzi, na kitambaa cha kitenge kimefungwa kwenye shina. Akaniambia niupime.

Kwa sheria za kazi yetu, shina jembamba namna ile halipimwi. Haliingii kwenye hesabu ya mji, wala fomula yoyote haina jibu lake. Kaboni yake huandikwa sifuri. Niliwafundisha vijana sheria hiyo miaka yote, na ni sheria nzuri. Lakini nilikuwa nimestaafu, na hapakuwa na mkubwa wa kunikataza. Nikatoa utepe mfukoni, nikapiga magoti kati ya miiba, nikaupima.